Kamera, Matope na Nkejje wa Ssese

Binamu yangu alikuwa tayari majini, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi, mwingine ameunyoosha nimpe kamera. Ndipo Ssalongo, mwenye mtumbwi, alipotema mate ziwani akasema kwa Kiswahili chake cha mwaloni, bila haraka yoyote: "Hapa chini mamba iko mingi sana. Kubwa kubwa."

Sijawahi kuona mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni akitoka majini namna ile. Alipanda bila ngazi, kifua kwanza, mapezi yakichapa maji. Mtumbwi ulilala upande, na sufuria yetu ya katogo ikaenda na ziwa. Mimi sikuweza kumvuta kwa kucheka. Kwa Waganda, mamba ni yule samaki mrefu mwenye mapafu, ambaye Watanzania humwita kambare mamba na Wakenya kamongo. Mamba wa binamu yangu, yule mwenye meno, huku anaitwa goonya. Ssalongo alikuwa anatupa habari njema: amesikia tumekuja kupiga picha samaki, basi anatuonyesha walipo.

Nilipomweleza, binamu hakucheka.

"Na hao goonya je?" akauliza.

Ssalongo akatazama mbali kidogo. Akasema wao wako upande ule mwingine, kwenye mafunjo. Jibu hilo halikumtuliza mtu, pamoja na mimi.

Nieleze tulifikaje hapo. Nimezaliwa Luzira, Kampala, karibu na gati la Port Bell kwenye Ziwa Viktoria. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo za ziwani, mzaliwa wa Pangani. Mama ni Mganda, binti wa ukoo wa Mmamba, na watu wa ukoo huo hawamli samaki huyo hata wakiambiwa ni dawa. Kiswahili kiliingia nyumbani kupitia meli, kwa sababu melini ulizungumza Kiswahili, uwe umetoka Kisumu, Mwanza au Jinja. Kwa hiyo nimekulia kandoni mwa maji nikizungumza lugha ya pwani, ila maji yenyewe yalikuwa ya Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo humwaga uchafu wa Kampala. Utotoni nilidhani maji yote duniani ni ya kijani.

Kila nikisema napiga picha za viumbe wa majini, watu huuliza Uganda ina bahari gani. Hawana kosa. Bahari nimeikuta kwa shangazi.

Mwaka 2017 nilikwenda Pangani likizo ya wiki mbili, na kamera ndogo ya mitumba niliyoinunua Kampala pamoja na kasha lake la plastiki la kuzamia. Mtoto wa shangazi anafanya kazi ya kuwaongoza wageni kupiga mbizi, zaidi pale Maziwe. Zamani Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, na maji yakijaa sana hulioni. Chini yake, matumbawe ni dunia nyingine. Nilitaka kushuka na kamera siku ya kwanza. Binamu ni mdogo kwangu kwa miaka sita, na juu ya nchi kavu ananiita dada kwa adabu zote. Mle majini adabu ile inakwisha.

"Dada, kamera ikae. Kwanza jifunze kutulia."

Siku tatu. Alikuwa akiweka kiti cha pweza juu ya mchanga, kisha ananiamuru nining'inie juu yake kwa umbali wa shubiri moja, bila kupiga mikono, bila kugusa chini, hadi aniambie basi. Ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukiitoa unashuka. Kazi yote iko kwenye mapafu, si kwenye mikono. Nilikuwa napanda kama puto, halafu nashuka kama nanga, na kila nikishuka mchanga unatimka. Siku ya tatu niliweza kuhesabu mikono ya kile kiti cha pweza, yote mitano, na hata kuona vile vijimirija vidogo vinavyomtembeza. Binamu akanionyesha alama ya sawa. Jioni ile ndiyo akaniruhusu kufungua boksi la kamera.

Picha zangu za kwanza zilikuwa za buluu tupu. Changu wa buluu, pono wa buluu, matumbawe ya kijivu. Nililaumu kamera. Jambo hili nilikuja kulielewa kwa kidole. Siku moja, tukiwa kwenye mita 18, nilijikwaruza kwenye jiwe, na damu iliyotoka ilikuwa ya kijani iliyoiva. Nilidhani nimechanganyikiwa kwa kina. Binamu akamulika tochi, na pale pale damu ikawa nyekundu. Maji hula mwanga mwekundu mapema kabisa. Mita tano tu na nyekundu imeshafifia, kisha chungwa, kisha njano, hadi inabaki buluu peke yake. Changu hakubadilika rangi, ni mwanga wa kumwonyesha uliobaki juu. Ukitaka rangi yake lazima ushuke na mwanga wako mwenyewe, na umsogelee, kwa sababu hata mwanga wa flashi unaliwa ukienda na ukirudi.

Kumsogelea, basi, ndiko penye kazi. Kasa wa kwanza niliyemwona nilimkimbiza. Nilipiga mapezi kama ninayekimbilia basi la mwisho, kamera mbele, nikitaka uso wake. Nikasikia nimekwama. Binamu alikuwa amenishika mtungi kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto ukosi. Akachukua ubao wake mdogo wa kuandikia majini, akaandika neno moja: NGOJA. Nilikasirika sana, na kukasirika chini ya maji ni kula hewa bure. Geji yangu iliporomoka.

Tulipotoka alinieleza bila kupandisha sauti. Kasa anapumua hewa kama sisi. Anashuka na pumzi yake aliyoipigia hesabu, ale, apumzike, apande. Ukimkimbiza anaitumia yote kukukimbia wewe. "Wewe una mtungi, dada. Yeye hana."

Safari iliyofuata tulitulia kando ya jiwe ambalo kasa hao hupenda kuja kula. Dakika kumi, labda zaidi. Tewa mmoja alikuja kututazama akaondoka. Mkunga alitoa kichwa pangoni akawa anafungua na kufunga mdomo, maana hivyo ndivyo anavyopumua, si kwamba anatisha mtu. Kisha kasa akaja mwenyewe, akala mbele yetu, akanigeuzia jicho lenye mikunjo kama la bibi aliyesumbuliwa usingizini. Nilipiga picha tatu tu. Moja iko ukutani kwa mama Luzira.

Hasara kubwa niliipata mwaka uliofuata, na ilitokana na taulo. Kasha la kamera hufungwa kwa oringi, ile pete ya mpira ambayo fundi wa pikipiki yeyote anaijua. Kabla ya kufunga unaisafisha, unaipaka grisi yake kidogo sana, unaipitishia ncha ya kidole kusikiliza kama kuna chembe. Mimi niliifuta kwa taulo ili imetemete. Taulo likaacha uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele. Sikwenda hata mbali: tukiwa mita tatu niliona kijiputo kikipanda kutoka kwenye mfuniko, kisha ukungu, kisha maji ya chumvi yakicheza nyuma ya kioo. Kamera ikawaka yenyewe, ikazima, haikuwaka tena. Kwa nusu mwaka baada ya hapo nilikuwa nalipa madeni ya kamera iliyokufa huku nikiweka akiba ya nyingine.

Sasa nina desturi. Kasha hushushwa kwanza likiwa tupu, ndani nimeweka karatasi ya tishu. Likirudi na tishu kavu, ndipo kamera inaingia. Na oringi hainusi kitambaa.

Wazo la ziwa lilikuja usiku mmoja Pangani, tukila. Shangazi alikuwa anasimulia habari za silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka ya 2000, hadi serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa jina lake mwaka 2009. Nikamwambia huyo ni jamaa wa mamba wa kina mama. Kweli kabisa: silikanti na kambare mamba ni wa kundi moja la samaki wenye mapezi ya nyama, na wote wawili wako karibu na mimi na wewe kinasaba kuliko walivyo karibu na changu. Shangazi akasema, "Kumbe kaka yangu hakuoa mbali." Binamu akauliza kama huko kwetu mtu anaweza kushuka akawaona. Sikuwa na jibu. Niliishi kando ya ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na sijawahi kutia kichwa ndani nikafumbua macho.

Maandalizi yalichukua karibu mwaka, na mengi hayana utamu wa kusimuliwa. Nitaje machache. Sikupata kwetu mahali pa kujaza mitungi hewa ya kuzamia, kwa hiyo binamu alikuja nayo minne kutoka Pangani kwa pikapu, hadi mpakani Mutukula, ambako ofisa mmoja alizunguka gari mara mbili kisha akauliza, "Mmetoa hewa Tanzania mnaleta Uganda? Kwani huku hakuna?" Mitungi minne, watu wawili: mbizi mbili kila mmoja, basi. Hesabu hiyo ilitupangia kila kitu. Tusishuke zaidi ya mita nane, ili hewa ikae, na pia kwa sababu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jedwali za kuzamia zimetengenezwa kwa pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, na mzamaji akipanda anatoka kwenye mgandamizo wa maji kuingia kwenye hewa hafifu kuliko ile ya Pangani, kwa hiyo kompyuta ya mkononi lazima iambiwe iko mlimani.

Kichocho nacho si cha kufanyia mzaha. Konokono wanaokibeba wanapenda maji ya ukingoni yenye majani, basi tuliingia na kutoka kwenye mtumbwi tu, mbali na ufuko, na hata hivyo wiki kadhaa baadaye tulipima na kumeza praziquantel. Vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, lakini utavinywa. Viboko na goonya tuliulizia siku nne kabla ya mtu kulowa. Tuliuliza wavuvi, wauza samaki, kina mama wanaofua. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na ndiye ajuaye goonya alipo. Askari wa doria ya uvuvi tuliwafuata wenyewe kabla hawajatufuata. Walitaka kujua kama tunatafuta dhahabu. Tulipowaambia tunatafuta nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Watanzania huwaita furu, wakatazamana, na mmoja akatuambia nkejje wanauzwa sokoni.

Tulivuka kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi visiwa vya Ssese kwa ile meli ya Kalangala, safari ya saa tatu na nusu hivi, mitungi imefungwa kamba kwenye sitaha kati ya mikungu ya matoke na kreti za soda. Ssalongo alitupokea Lutoboka. Ssalongo si jina, ni heshima ya baba wa mapacha, na mkewe ni Nnalongo. Sikuwahi kuwasikia wakiitwa vingine.

Sasa turudi pale mtumbwini. Binamu aliposhawishika kuingia tena, nikamfuata, na nikazama kama jiwe. Mkanda wangu ulikuwa na vipande vya madini ya risasi vya kunizamisha, kilo sita, kama kule Maziwe. Nilisahau kwamba maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Kilo nne zingetosha. Nilitua kwa magoti kwenye matope yaliyolala hapo tangu enzi za babu, yakafumuka hadi juu ya kichwa, na kwa muda ambao nadhani ulikuwa dakika mbili sikuona hata geji niliyoishika mbele ya pua. Mafunzo yote ya kiti cha pweza yakafia pale. Nilibaki nasikia pumzi yangu tu, na mahali fulani juu, mtu akigonga mtungi kwa kisu: binamu, ananitafuta kwa sauti.

Mbizi ya kwanza yote ilikuwa hasara. Tulipata mawe, tukawapata na samaki, ila kila picha ilikuwa theluji. Hivyo ndivyo ninavyoiita, ingawa theluji yenyewe sijaiona ila kwenye televisheni: chembe za mwani na udongo zinazoelea kati ya lenzi na samaki, flashi ikizipiga zinawaka zote kama nyota, na samaki yuko nyuma ya pazia. Picha 140, nyota tupu. Juu ya hayo, binamu alinasa pezi kwenye wavu wa nailoni uliotelekezwa majini, na robo saa ya hewa ikaishia kwenye kuukata. Wavu ule ulikuwa na ngege mmoja ndani, amekufa zamani, unaendelea kuvua bila mwenyewe.

Usiku tulikaa barazani kwa Ssalongo tukafikiri. Pwani, maji mabaya ni yale unayoona mita kumi tu. Hapa tulikuwa tunaona mita moja na nusu, mbili tukibahatika. Kwa hiyo picha ya mbali haipo, hata ya karibu kiasi haipo. Lazima lenzi iwe kiganja kimoja kutoka kwa samaki. Flashi nazo tukazitoa karibu na kamera, tukaziweka kwenye mikono mirefu kulia na kushoto, nyuma kidogo ya kioo, zimulike samaki kwa ubavu na kuacha njia ya katikati gizani. Chembe zisizomulikwa hazionekani. Na kama lazima uwe kiganja kimoja kutoka kwa samaki wa sentimita kumi, huwezi kumfuata. Itabidi awe ameamua kwamba wewe ni jiwe.

Ssalongo alituonyesha mahali kwingine asubuhi, kisiwa kidogo kisicho na mafunjo, ukingo wake wote miamba. Alisema nkejje waliobaki wanakaa mawe. Hilo nililisikia baadaye kwa wasomi pia, kwa maneno marefu zaidi. Mputa, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia nkejje, waliokuwa ndio wengi kuliko samaki wote ziwani, aina mamia. Wengi wa waliosalia ni wale wa mianyani, ambako lile domo kubwa haliingii.

Nilishuka na kilo nne. Niliteremka polepole, nikajiegemeza kwa ncha ya kidole kwenye mwamba mtupu, mita tano chini, mbele ya mwanya kati ya mawe mawili. Nikangoja.

Mwanga wa kule si wa buluu. Ziwani buluu ndiyo inayoliwa kwanza, na mwani na tope vinakuachia mwanga kama umekaa ndani ya glasi ya chai ya rangi. Baada ya muda kivuli kikatoka mwanyani. Samaki mweusi, mfupi, mwenye hasira. Alikuja hadi kwenye kioo cha kamera, akajiona humo, akatandaza mapezi yote. Kisha akarudi, akaokota kokoto ndogo mdomoni, akaitoa nje ya mlango wake, akaitema. Akafanya hivyo mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Kila jirani aliyepita alifukuzwa. Mimi hakunifukuza. Niligeuka jiwe.

Nikabonyeza. Flashi ikapiga, na nilipotazama kwenye skrini sikuamini. Hakuwa mweusi. Mbavu zilikuwa buluu ya chuma kipya, pezi la mgongoni lina ukingo mwekundu, na kwenye pezi la chini, nyuma ya tumbo, madoa manne ya rangi ya kiini cha yai, kila moja limezungushiwa duara hafifu, kama limechorwa na mtu mwenye subira. Nikamtazama tena kwa macho. Kivuli cheusi. Nikapiga tena. Buluu na nyekundu. Nilifanya hivyo kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Kisha jike akapita. Jike wa nkejje ni wa rangi ya mchanga, hana mapambo, na huyu alikuwa na mashavu yaliyovimba kama aliyeficha peremende. Alikuwa na mayai. Nkejje wengi huatamia mdomoni: jike hutaga, huyazoa mayai yake papo hapo, halafu huyafuata yale madoa ya njano kwenye pezi la dume akidhani ameacha mengine, na hapo ndipo mayai hurutubishwa, ndani ya mdomo wake. Baada ya hapo hukaa wiki mbili, tatu, karibu bila kula. Nilimpiga picha mbili. Alipita mbele ya dume kwa urefu wa mkono, dume akajitandaza, akatetemeka mwili mzima. Kwa macho yangu nilichoona ni kivuli kikitikisika.

Huyu tayari alikuwa na mzigo wake, hakuwa na haja naye. Lakini nilijikuta nafikiri juu ya yule atakayekuja kesho akitafuta mume. Flashi yangu ilikuwa inanionyesha mimi, mtu wa Luzira, pambo ambalo halikuvaliwa kwa ajili yangu, na mwenye haki nalo anapita gizani. Baadaye nilikuta kwamba watafiti waliofanya kazi upande wa Mwanza, akiwamo Ole Seehausen, walishalionyesha jambo hili miaka ya 1990. Majike huchagua madume kwa rangi, na rangi ndiyo inayotenga aina moja na nyingine. Maji yakichafuka kwa udongo, mbolea na maji taka, rangi hazitofautiani tena, majike hushindwa kuchagua, na aina zilizokuwa mbali zinachanganyika hadi zinakuwa moja. Kati ya samaki waliowachunguza kuna jenasi iliyoitwa Pundamilia, neno letu lile lile, na mmoja wao amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo mputa si mlaji peke yake ziwani. Ile theluji iliyoniharibia picha 140, nkejje anaishi ndani yake.

Nilibakiwa na hewa ya bar 50 tu kwenye geji. Binamu akanionyesha kidole gumba juu, ishara ya kupanda. Nilitaka kumwandikia NGOJA kwenye ubao wake, lakini hewa ni hewa.

Mamba hatukumwona hata mmoja, si wa mama wala wa binamu.

Jioni niliwaonyesha picha Ssalongo na Nnalongo kwenye kompyuta. Nnalongo anawajua nkejje vizuri. Huku ndio samaki wa heshima: wapo kwenye shughuli za mapacha, na mtoto aliyedhoofika hupewa unga wake kwenye chakula. Utotoni alikuwa akiwauza wakiwa wamebanikwa, wamechomekwa kwenye vijiti, kahawia wote. Alimtazama yule dume wa buluu muda mrefu.

"Huyu si nkejje," akasema. "Nkejje haina rangi."

Ssalongo akabisha. Akasema ukimvua huwa na rangi kidogo, ila akifa zinaondoka kabla hujafika nchi kavu. Wakabishana kwa Kiganda, kwa kasi niliyoshindwa kuifuata yote, na neno "mwongo" nikalisikia mara mbili. Nikaendelea kupitisha picha. Tulipofika kwa jike, Nnalongo akanishika mkono.

"Huyu anakula nini, mwanangu?"

"Hali, mama. Ana watoto mdomoni."

Akavuta kiti karibu. Akaniambia nimkuze. Nikamkuza hadi jicho na shavu vikajaa skrini, na kwenye upenyo wa mdomo ukaonekana mviringo mmoja wa njano.

"Basi nitolee huyu," akasema. "Huyu mama. Huyo mwanamume usinitolee, huyo amejipamba tu."

Wiki iliyofuata nilipeleka picha kwa kijana mmoja wa studio Kampala aisafishe kwa karatasi kubwa. Aliitazama, akainamisha kichwa upande. Akasema samaki mwenyewe amepauka, na nyuma kuna vumbi. Akauliza kama amwongezee rangi kidogo.

Nikamwambia amwache hivyo hivyo.